Jembe Lililorudi Safi

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya chakula. Muuguzi wa kliniki ya sukari, binti mdogo ambaye sisi wagonjwa wote tunamwita daktari, aliniambia kila siku niandike nilichokula, nilivyotembea, na hali ya miguu yangu. Akasema nisiandike mambo mengine, nitachoka. Sikumsikiliza. Ukurasa wa kwanza una ugali, maharage, mchicha. Wa pili una ugali, maharage, na chini yake neno moja: naogopa. Kuanzia hapo chakula kikawa kinapungua na maneno yanaongezeka. Mimi nimeishia darasa la saba, sijui kama mtu anaruhusiwa kuandika hofu kwenye daftari la ugali. Ila sikuwa na daftari jingine.

Niseme kwanza nilichokuwa naogopa, asomaye asije akadhani ni mambo mengi. Kilikuwa kimoja tu, mguu.

Dada yangu anaishi Nyarubungo, upande wa Biharamulo, tulikozaliwa. Mimi niliolewa huku Ngara, katika kijiji kinachotazamana na vilima vya Lukole. Yeye aliugua sukari kabla yangu. Siku moja akipalilia mihogo alikanyaga kisiki na hakusikia chochote. Akaendelea kupalilia mpaka jua likashuka, na aliporudi nyumbani mkwewe ndiye aliyemwonyesha damu kwenye sakafu. Kidonda kile kilikula kidole, kikala unyayo, na mwisho wakamkata mguu wa kushoto chini kidogo ya goti.

Nilipanda basi kwenda kumwona. Nilimkuta ameketi barazani, na kando yake jozi ya raba alizonunua kabla ya kukatwa. Ya kulia ilikuwa imelika kisigino. Ya kushoto ilikuwa bado mpya kabisa, hata kamba yake ilikuwa nyeupe. Aliona ninaitazama.

"Na wewe ukipata sukari," akasema, "waambie wakukate wa kulia. Tutakuwa tunanunua jozi moja, tunagawana."

Watu waliokuwepo walicheka, na yeye alicheka kuliko wote. Nami nilicheka. Lakini mkononi nilikuwa na kikombe cha chai, nilichokitia sukari mwenyewe vijiko vinne, na nakumbuka nilikiweka chini taratibu kama kitu kinachoweza kuuma. Sisemi kwamba dada alinitabiria mabaya. Alikuwa anajifariji. Ila tangu siku ile, kila ninapovaa kiatu cha kulia namsikia.

Haukupita muda mrefu, kiu ikaanza. Nilikunywa maji kama ng'ombe aliyerudi kutoka malishoni, na kanga zikaanza kunilegea kiunoni. Nilijua kabla ya kupimwa. Yule muuguzi aliponiambia, nilichomuuliza ni kama miguu yangu bado iko salama. Akanivua ndala, akaniambia nifumbe macho, akachukua kiuzi kigumu mfano wa unywele wa mkia wa ng'ombe, akawa ananigusa nacho kidole kimoja kimoja. Unasikia? Nasikia. Hapa je? Nasikia. Kuna mahali palipita kimya, nikajua ameuliza kwa mkono na mimi sikujibu. Nilipofumbua macho alikuwa anaandika.

Akanipa masharti. Ugali usizidi ngumi yangu, na nusu ya sahani iwe mboga za majani. Chai isiwe na sukari. Soda, pombe ya ndizi na maji ya ndizi mbivu, basi. Miguu niitazame kila asubuhi, nyayo kwa kioo. Nitembee kila siku nusu saa, mwendo wa kuweza kuongea lakini si wa kuweza kuimba. Kidonge nimeze nikiwa nimekula, kamwe nisimeze na njaa, na mfukoni niwe na pipi, mwili ukitetemeka niimumunye. Yote aliyasema vizuri, tena mara mbili. Naandika hivi kwa sababu yaliyotokea baadaye hayakuwa kosa lake.

Chakula hakikunishinda sana. Ngumi yangu ni ndogo, na siku za kwanza niliutazama ule ugali nikatamani ngumi ya mzee wangu. Yeye mume wangu hakusema kitu, ila siku ya tatu niligundua anakunywa chai isiyo na sukari. Nilipomuuliza akasema sukari imepanda bei. Haikuwa imepanda.

Kilichonishinda ni kutembea.

Huku kwetu watu wanatembea tangu wakizaliwa. Tunakwenda shambani, kisimani, sokoni, kanisani, msibani. Ila hakuna anayetembea bure. Ukikutana na mtu asubuhi, mkishasalimiana anakuuliza unakwenda wapi, na lazima uwe na pa kusema. Siku yangu ya kwanza nilitoka mikono mitupu, nimevaa raba, naenda haraka kama nilivyoagizwa. Sijafika hata njia panda, watu watatu walikuwa wamenisimamisha kuuliza nani kafa. Mmoja alianza kunipa pole. Nilirudi nyumbani na aibu.

Kesho yake nilibeba jembe begani. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mwanamke mwenye jembe amekwishajibu.

Nilifurahia akili yangu, na sasa ninapoandika naona ndipo nilipokosea. Shamba letu liko karibu, na nusu saa ya muuguzi haikuishia hapo. Basi nilikuwa nalipita shamba langu mwenyewe kama mgeni, napandisha kilima mpaka mahali ambapo vilima vya Lukole vinaonekana vyote, kisha nageuka. Nilikuwa bibi harusi mpya huku wakati vilima vile vilipofunikwa na mahema ya wakimbizi. Niliwaona wakija barabarani na magodoro vichwani, na kina mama ambao miguu yao ilikuwa imevimba ikapasuka, bado wanatembea. Sasa ni nyasi na miti michanga. Nikisimama pale nilijiona wa ajabu. Wale walitembea ili wasiuawe, mimi natembea kwa sababu ya chai niliyokunywa kwa miaka mingi. Kisha nakumbuka mguu, nafikiri labda hatutofautiani sana, kisha naona nimejipa ukubwa nisiostahili. Nageuka narudi.

Kwa nini sikusema tu kwamba nina sukari? Nimejiuliza mara nyingi. Nilikuwa nimekonda, na mtu akikonda huku kwetu watu wazima wanakumbuka ule ugonjwa mwingine uliomaliza nyumba nzima nzima. Ukisema ni sukari wanaitikia, "Ni sukari," kwa sauti ya kukuhurumia, maana wengi walisema ni sukari, ni malaria, ni kifua. Niliona afadhali wasijue kitu. Labda nilikosea. Sijui ningefanya nini tofauti.

Nina jirani, migomba yake na yangu imegusana. Amenizidi miaka michache, namwamkia shikamoo, naye kila siku hujibu, "Marahaba, mdogo wangu uliyetangulia kuzeeka." Ndiye aliyenipokea nilipoletwa hapa nikiwa bibi harusi. Ndiye aliyenifundisha Kihangaza, lugha ya huku, na aliponicheka matamshi yangu alinicheka akiwa peke yake na mimi, si mbele za watu. Nataka hilo lijulikane kabla sijaandika mengine.

Ilifika siku ya kupokelewa posa ya binti yake. Tulimenya ndizi pamoja siku mbili. Wageni walipoketi, chungu cha pombe kikawekwa katikati na mirija yake, naye kama mama wa nyumba akawa anawapa watu wa heshima. Huku kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako. Hakuna anayekieleza kitendo hicho, ni kama kufuta kiti kabla mgeni hajakaa. Maana yake ni kwamba humu hamna kitu kibaya, na kama kimo basi tutakufa wote.

Akaniita mimi kwanza kabla ya wanawake wengine wote. Ilikuwa heshima kubwa. Akapiga magoti kidogo, akavuta kwa mrija, akameza, akanipa ule ule mrija.

Niliutia mdomoni. Nilimwona yule muuguzi, nikaiona raba ya kushoto ya dada yangu, mpya. Nikafumba midomo juu ya mrija, nikakaa hivyo kadiri mtu anavyokaa akinywa, nikajifanya nameza, nikaurudisha, nikashukuru.

Hakuna mgeni aliyeona. Yeye aliona. Alikaa kando yangu baadaye, akitabasamu kwa ajili ya wageni, akaniambia chini chini, "Hukuvuta."

Nikasema nimevuta.

"Nimegawa mirija tangu niolewe. Mtu anayevuta mashavu yake nayajua." Akamwitikia mgeni kwa kichwa. "Nimekuonjea mbele ya wakwe zangu."

Alikuwa na haki, na hapo ndipo pagumu. Ningekataa wazi, nikasema tumbo linaniuma, angecheka akanitania. Lakini kuushika mrija wa mtu aliyekuonjea, ukajifanya unakunywa, ni kumwambia kwamba unajua alichokitia, na kwamba hata kuonja kwake hakukutoshi. Nilimwita mchawi pasipo kufungua mdomo. Nilielewa nikiwa bado nimekaa palepale, na bado sikusema neno sukari.

Toka siku ile nikimwamkia anajibu "Marahaba" peke yake. Ile sehemu nyingine aliiacha. Huwezi kuamini mtu anavyoweza kutamani tusi la kila siku.

Kisha maneno yakaanza. Aliyaleta mume wangu kutoka kilabuni, akiwa hataki kuyaleta. Alikaa muda mrefu anakuna goti. Mwishowe akaniambia watu wanauliza mke wake analima wapi. Jembe linatoka asubuhi, linalipita shamba, na linarudi safi.

Nilimuuliza nani anasema. Hakutaja. Nami sitataja nisilolijua. Inawezekana jirani aliuliza mara moja tu, na wengine wakamalizia.

Asiyeishi pande hizi anaweza kucheka, akasema maneno ni maneno. Mwanamke wa umri wangu akianza kusemwa uchawi, mambo huwa hayaishii kwenye maneno siku zote. Nimezisikia habari hizo tangu nikiwa Biharamulo, kwa jirani zetu wa huku na wa kule, na sipendi kuziandika. Asubuhi iliyofuata nilichukua kile kioo cha kutazamia nyayo, nikakiinua, nikajitazama macho kuona kama ni mekundu, kama wanavyosema ya wachawi. Yalikuwa mekundu. Napikia kuni tangu utoto, yatakuwa ya rangi gani? Lakini kioo kikanidondoka.

Sasa nilikuwa na hofu mbili, na kila moja ilinifukuza kuelekea nyingine. Nikitembea nitasemwa, nisipotembea nitakatwa. Nilijaribu kuzunguka uani kwangu, nikawa naona ninafanana kabisa na mtu anayefanya mambo ya uchawi. Nikaacha kutembea siku kadhaa, nikipima mguu kwa macho kila saa. Halafu nikapata akili nyingine mbaya kuliko ya kwanza. Nilirudia safari zangu, ila wakati wa kurudi nikawa nasimama kando ya njia, nachovya jembe kwenye udongo wenye umande na kulipaka. Lirudi chafu. Asubuhi moja nimeinama nalipaka nikasikia majani ya mgomba yanavunjika nyuma yangu. Sikugeuka. Nilijua mwendo wake.

Fikiria sasa alichokiona: mwanamke peke yake, pembeni ya njia, anapaka jembe udongo kwa kiganja.

Wiki hiyohiyo nilivua raba nikakuta kijiwe ndani. Kidogo, kama punje ya harage. Nilikuwa nimetembea nacho njia nzima, na chini ya kidole kinachofuata kile kikubwa, mguu wa kulia, palikuwa pamechubuka pakawa pekundu, pana majimaji. Sikuwa nimesikia kitu. Nilikaa chini kwenye sakafu. Nakumbuka nilisema kwa sauti, nikiwa peke yangu ndani, "Wa kulia, dada."

Mtu mwenye akili timamu angekwenda hospitali siku hiyo. Mimi niliogopa kwamba nikienda nitarudi na mguu mmoja. Nikaosha kwa maji ya chumvi, nikafunga kitambaa safi, nikajiambia kosa ni chakula. Nikapunguza ugali ukawa nusu ya ngumi, halafu jioni nikauacha kabisa. Pipi ya mfukoni nilimpa mtoto wa jirani mwingine, maana niliona kutembea na pipi ni kama kutembea na nyoka. Na asubuhi nikawa nameza kidonge kwa maji matupu. Niliambiwa nisifanye hivyo, nimeandika juu huko. Nilidhani nikizidisha kujinyima kuliko nilivyoagizwa, nitapona kuliko nilivyoahidiwa. Nimewahi kuona watu wanafunga hivyo kwa ajili ya dhambi. Mimi nilikuwa nafunga kwa ajili ya kidole.

Asubuhi ya tatu au ya nne, sikumbuki, na daftari la siku zile lina mistari mitupu, nilimeza kidonge nikatoka. Kitambaa kidoleni, jembe begani. Nililipita shamba. Nikaanza kupanda kilima, na nusu ya njia jasho likanitoka la baridi, mwili mzima, kanga ikanata mgongoni. Nikadhani ni jua, lakini jua lilikuwa bado halijapanda. Magoti yakawa kama si yangu. Niliona vilima vya Lukole vinasogea polepole, kama watu wanaohama. Nikakaa, au nikaanguka, kwa kweli sijui kipi kilitangulia.

Nilikuwa naangalia jembe langu pale nilipokaa, naona mpini unakuwa miwili, ndipo nikaona miguu ya mtu. Miguu mipana, mikavu, yenye pete ya shaba kwenye kidole gumba. Ilikuwa ya jirani yangu.

Hakuwa amepita kwa bahati. Baadaye aliniambia mwenyewe kwamba alikuwa ananifuata tangu nyumbani, siku ya pili hiyo, ajue ninakozika vitu vya uchawi. Alikuwa na jembe lake, na kikapu kidogo chenye chakula cha shambani, ili akiulizwa awe na jibu. Kumbe na yeye alibeba jembe la kujibia.

"Umezika nini huku?" aliniuliza.

Nilitaka kusema sijazika kitu. Ulimi ulikuwa mzito kama wa mlevi. Nikasema, "Sukari."

"Umezika sukari?"

"Nina sukari. Ya dada yangu. Nipe kitu kitamu."

Alisimama. Nilimwona anashika kikapu, anaachia, anashika tena. Ndani mlikuwa na chupa ya maji ya ndizi mbivu, yale yanayokamuliwa kabla hayajachachushwa, ambayo mtu hunywa akipumzika kulima. Aliitoa, akabaki nayo mkononi. Nilikuwa namwona usoni, na ninachoweza kuapa ni kwamba ule haukuwa uso wa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa kama mimi.

"Ukifia hapa," akasema, "na umekunywa changu, mimi nitawaambia nini watu?"

Ni swali la haki. Wote walijua hatusalimiani vizuri. Wote, kwa sababu yangu, walikuwa wameanza kufikiria habari za uchawi. Angeweza kuondoka, akaenda kuita watu, na hakuna ambaye angemlaumu, hata mimi nisingemlaumu kama ningekuwa hai.

Akatazama njia juu na chini. Hapakuwa na mtu wa kushuhudia. Hata hivyo akapiga magoti kidogo, vilevile kama siku ya posa, akafungua chupa, akanywa yeye kwanza, akameza nikiona koo lake linavyoshuka. Kisha akanishika kisogo, akaniwekea chupa mdomoni.

"Safari hii uvute."

Nilivuta. Yalinimwagikia kidevuni na kifuani, nikavuta tena. Sijawahi kunywa kitu kitamu hivyo na sijawahi kukiogopa kitu hivyo. Nilikuwa nalia, nadhani, au ni jasho. Naye akawa ananihesabia mafundo kama mtoto anayenyonya, akisema bado, bado, vuta. Baada ya muda mpini wa jembe ukarudi kuwa mmoja.

Tulikaa pale mpaka nyasi zikakauka umande. Nilimweleza yote: kiu, kiuzi cha muuguzi, mrija, kilima, udongo wa kulipaka jembe. Aliponiuliza kwa nini sikumwambia mapema, nilimwambia niliogopa watasema ni ule ugonjwa mwingine. Akafikiri.

"Tulishasema ni huo," akasema. "Tulianza na huo. Uchawi ulifuata jembe lilipoanza kurudi safi."

Sikujua kama nicheke. Yeye alianza, nikamfuata, tukacheka mpaka akashika mbavu. Kisha nikamfungulia kile kitambaa. Aliponiona kidole aliacha kucheka.

Alinipeleka hospitali siku hiyohiyo, kwa bodaboda, yeye nyuma amenishikilia nisianguke. Yule muuguzi alisafisha kidonda, akakikandamiza kandokando, akanusa. Nilikuwa nimefumba macho nikisubiri aseme mguu. Alichosema ni kwamba nimewahi kwa siku chache, na kwamba nije kila baada ya siku mbili. Halafu akauliza nilikuwa nimekula nini asubuhi ile. Nilipomwambia sikula, aliweka kalamu chini. Akaniambia sukari inakata miguu taratibu, lakini njaa juu ya kidonge inaua asubuhi moja. Sikumbishia. Siku ile nilirudia kuandika: uji wa ulezi kikombe kimoja, yai, kidonge.

Kabla jua halijazama kijiji kizima kilikuwa kinajua nina sukari. Jirani hakuficha hata kidogo, alimwambia kila aliyekutana naye. Sikufurahi wakati ule. Watu wakaanza kuniletea majani machungu ya kuchemsha, kila mmoja na lake, na wengine mpaka leo wanaitikia "Ni sukari" kwa ile sauti ya huruma. Kuna mama mmoja bado akiniona na jembe anavuka upande wa pili wa njia. Siwezi kusema yameisha. Ila siendi tena peke yangu. Jirani ana kipande cha shamba kule kilimani, karibu na nilipoanguka, alichokuwa amekiacha pori. Tunakwenda wote asubuhi, mwendo wa kuongea na si wa kuimba, ingawa yeye huimba makusudi ili nimwonee wivu. Tunalima kidogo, tunarudi. Pipi yangu anaibeba yeye, anasema mimi siaminiki.

Kidonda kimefunga kwa juu. Muuguzi anasema tusubiri ndani.

Nyayo zangu sasa anazitazama jirani, kwa sababu kioo kile kilipata ufa siku kiliponidondoka, na mume wangu macho yake ni ya mbali. Asubuhi ya leo, tulipofika shambani, nilikaa juu ya tuta nikavua raba. Yeye akachuma bua la nyasi, kavu na gumu, akaniambia nifumbe macho. Akaanza na kidole gumba.

"Unasikia?"

"Nasikia."

Kikawa kimya. Nilimsikia anapumua. Nilisikia ndege, na mbali kabisa mtu anapiga kuni. Nilijua yuko kwenye kile kidole kinachofuata, cha kidonda. Neno "nasikia" lilikuwa tayari mdomoni. Lingekuwa rahisi. Angelikubali, tungeinuka tukalima, na siku ingekuwa nzuri kwetu sote wawili.

"Sikusikia," nikasema.

Akashika unyayo wangu kwa mkono wake wote, mkono mkavu wenye udongo, akaugeuzia kwenye mwanga, akaanza upya kutoka kidole gumba.